Soko la Lushoto siku za gulio: uzoefu wangu wa mwaka na nusu na kikapu kimoja

Naandika hii kwa ajili ya wale wanaohamia Lushoto kikazi, au wanaopanda kutembea wikiendi alafu wanaishia kununua mboga kwenye genge la jirani na gesti. Mi mwenyewe nilifanya hivyo miezi miwili ya mwanzo na najuta. Soko la Lushoto mjini lipo kila siku lakini siku zake zenyewe ni Alhamisi na Jumapili, hizo ndo siku wakulima wanashuka kutoka vijijini, mizigo kichwani, mingine kwenye bodaboda, na kama unataka kununua kwa mtu aliyelima kwa mkono wake basi nenda siku hizo, Jumapili ndo panajaa hasa. Kwangu mimi nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ilikopotelea ntasema huko chini.

Mi ni mtu wa Tanga mjini, nimekulia kwenye nazi na samaki, nilipopata uhamisho kuja huku juu nililia kwakweli. Unatoka Mombo na joto lake, unapanda ile barabara ya kona kona kama kilometa 33 hivi, ukifika unakuta watu wamevaa makoti. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ndo maana Wajerumani walipapenda wakapaita Wilhelmstal, na miti ya matunda ya kwao ikaletwa huku wakati huo, kwaiyo leo hii mama wa Kisambaa anakuuzia plamsi, peasi na fyulisi alizochuma nyuma ya jiko lake kama vile sisi kwetu tunavyookota embe.

Sasa kosa langu kubwa lilikuwa listi. Nilikuwa naenda sokoni na karatasi: nyanya, hoho, karoti, kitunguu, mchicha, basi, kila wiki hivyo hivyo kama nilivyozoea mjini. Mwezi wa tano ule, mvua za masika zimekolea, nikawa nazunguka natafuta nyanya na zilizokuwepo zina mabaka na bei imepanda hatari, nanung'unika mwenyewe, mpaka bibi mmoja aliyekaa chini ametandaza khanga na mafungu yake ya mboga akaniita, "Mwanangu, nyanya saa hizi mvua imezipiga, unatafuta nini kisichokuwepo? Njoo uone kilichopo." Kilichopo kilikuwa mnavu, mchunga, majani ya maboga machanga kabisa bado na vile vikonyo vyake vinavyojikunja, na tikini ambayo mi mara ya mwisho kuila ilikuwa kwa marehemu bibi yangu Muheza. Nilichukua fungu la kila kitu. Nadhani sikufika hata 3,000.

Tangu siku ile siendi na listi. Naenda na kikapu na hela, nazunguka soko zima mara moja bila kununua, naangalia kitu gani kimejaa kila kona, maana kilichojaa kila kona ndo msimu wake huo, ndo kitamu na ndo bei yake iko chini, alafu mzunguko wa pili ndo nanunua na nyumbani ndo najua napika nini. Hii kitu imenibadilisha upishi wangu kuliko darasa lolote la mapishi, naomba mniamini.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu maana naupenda. Plamsi. Zinaiva kuanzia Desemba mpaka Februari hivi, lakini mwisho wa Novemba bado zina ukijani, ngumu, ukiuma meno yanaingia ganzi. Yule bibi (sasa hivi tunaitana bibi na mjukuu kabisa, nikifika namwamkia kwa Kisambaa, onga maundo, na yeye anacheka ndo ananijibu niwedi) alikuwa na kapu la plamsi mbichi zilizoangushwa na upepo, haziuzi, kaja nazo tu apelekee watoto wa binti yake. Nikaomba nyongeza akanipa kama kumi hivi. Nilikuwa nimetoka Tanga jana yake na nguru kwenye ndoo ya barafu, na nyie mnaojua mchuzi wa samaki wa kwetu mnajua lazima kuwe na embe mbichi ndani au ukwaju, na embe huku baridini si mti wa hapa. Nikasema ngoja nijaribu.

Vipande vya nguru nikavipaka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga nikavikaanga juu juu tu. Sufuria nyingine nikakaanga kitunguu na bizari ya manjano kidogo, nikatia maji kikombe kimoja na plamsi sita nimezikata nusu nimetoa kokwa, nikaziacha zichemke mpaka ganda likaanza kujibandua na maji yakageuka rangi, si nyekundu si njano, kama ile rangi ya jua la magharibi pale Raskazone kwetu Tanga. Hapo ndo nikaweka samaki, na tui zito nikalimimina mwisho kabisa moto mdogo nakoroga taratibu upande mmoja lisikatike, maana ile plamsi ni kali, ukitia tui mapema na moto mkubwa linakatika lote. Mchuzi uliotoka pale, jamani. Una ukali kama wa embe lakini nyuma yake kuna utamu flani na harufu ya tunda. Dada yangu aliyenitembelea alikula na wali wa nazi akaniuliza "embe hizi za wapi?" nikamwambia onja tena nikuambie. Sasa nazingojea za Novemba ijayo kama mtu anayengojea mshahara.

Na zikiiva ndo jamu. Kilo mbili za plamsi mbivu sukari kilo moja, maji kidogo tu ya kuanzia, kokwa zinaelea zenyewe juu unazitoa na mwiko, unachemsha mpaka ukidondoshea tone kwenye kisahani cha baridi linatulia halikimbii. Usiweke sukari nyingi kuliko hapo, utaua ladha. Zile chupa nilizopika Januari mwaka jana zilitufikisha mwezi wa nne, nilipeleka nyingine Tanga, watu wamezoea jamu ya dukani hawakuamini kama ni tunda la mkoa wao wenyewe.

Kuhusu bei na vipimo, kwa mgeni. Vitu vingi ni fungu au sado. Sado ni ile ndoo ya rangi ya lita nne, jina lenyewe limetoka kwenye rangi ya Sadolin, na bei inabadilika ndani ya wiki, mfano plamsi mwanzo wa msimu nilinunua sado 6,000, katikati ya Januari sado hilo hilo 3,000. Beba kikapu chako, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na vile vya kitambaa wanavyouza mlangoni havibebi viazi, vinachanika njiani. Matunda laini mwambie akuwekee jani la mgomba chini na juu, wanajua.

Sasa kuna jambo nataka watu walielewe, kwanini nasisitiza ununue kwa mkulima mwenyewe. Mboga za Lushoto mnazila sana Dar, Fuso zinashuka usiku na kabichi, karoti, viazi, hoho. Lakini mkulima anayeuzia shambani mara nyingi hana sauti, dalali ndo anapanga bei na bado anataka lumbesa, yani gunia limejaa linashonewa tena kilemba juu, anahesabiwa gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu, gunia lisizidi kilo 100, ila uende ukamwambie hivyo mama ambaye kabichi zake zinaanza kupasuka shambani na mtoto anadaiwa michango shule, atakubali tu. Akija mwenyewe sokoni na tenga lake moja, ile hela yote unayompa inaingia kwenye fundo la khanga yake. Mi nimemwona bibi yangu yule akihesabu noti za Jumapili moja ya plamsi akasema hii ni bati tatu. Alikuwa anaezeka jiko. Bati tatu! Kwenye genge la jirani na gesti nisingejua hilo.

Ndo maana pia siwaungi mkono wanaoshauri uende saa tisa alasiri eti ndo bei inaporomoka kwa vile wakulima hawataki kurudi na mzigo mlimani. Ni kweli inaporomoka. Lakini mtu ametoka kwake saa kumi usiku na tenga kichwani, we unamngojea achoke ndo umpe nusu bei, hapana, mi siwezi. Nenda asubuhi, saa mbili mpaka saa nne ndo vitu bado vina umande, omba nyongeza kistaarabu utapewa, Wasambaa kwa nyongeza hawana choyo.

Kitu kingine nilichokikuta huku nikakikubali moja kwa moja ni makande ya vitu vibichi. Makande sote tunayajua, yale ya mahindi makavu yanayokaa jikoni nusu siku. Lakini kuna wiki chache, baada ya masika, mahindi yamekomaa ila hayajakauka na maharage bado yako kwenye maganda yake, yana ile michirizi ya pinki. Unakaa kibarazani unamenya maganda, unapukuchua mahindi, unachemsha pamoja na yanaiva chini ya saa moja. Kitunguu, chumvi, tui kama we ni mtu wa pwani kama mimi (jirani yangu Msambaa anatia mafuta tu na anasema nazi inaharibu, tumeshindwa kuelewana hapo), na ukipata mnavu ukiupika pembeni na karanga umemaliza. Haya maharage mabichi hayangojei, mwezi ukipita yameshakauka yako kwenye magunia, kwaiyo ukiyaona nunua, usiseme ntakuja Alhamisi.

Mchunga nao nisiusahau. Ni mchungu kama jina lake. Watu wengi wanachemsha wanamwaga maji mara mbili tatu ndo wanakaanga, mi nakushauri mwaga mara moja tu kisha upike na nyanya na tui zito, ule uchungu uliobaki unakaa vizuri sana na ugali wa muhogo, bada ile. Wanangu mwanzo walikataa, sasa hivi mkubwa anaomba mwenyewe.

Haya, ile nusu nyota. Mvua ikinyesha chini kunakuwa tope zito, akina mama waliokaa chini na mafungu yao wanapata shida kweli na wateja wanawaruka kukimbilia kwenye meza, inaniuma. Alafu sio wote waaminifu. Kuna mmoja aliniuzia sado la viazi, juu vimepangwa vizuri, nafika nyumbani chini ni vile vimegeuka kijani kwa jua na vingine vimeoza, na wengine sado lao limebonyezwa kitako kuingia ndani, ukiliangalia juu limejaa kumbe ujazo haupo. Siku hizi nageuza sado naangalia kitako kabla, na namwomba amimine kwenye kikapu mbele yangu taratibu, muuzaji mzuri wala hakasiriki. Na tofautisha mkulima na mchuuzi, wachuuzi wapo wengi na hawana ubaya, ila ukitaka kujua muulize kapanda lini au shamba liko upande gani, mkulima atakueleza mpaka utachoka, mchuuzi atakwambia "ya leo leo hii dada".

Kwa walio Dar wanaoniuliza inbox kama mtu anaweza kutumiwa, inawezekana, mabasi yanabeba vifurushi, mi nimeshamtumia dada yangu boksi la karoti, viazi na peasi likafika salama. Plamsi mbivu usithubutu, zinafika uji. Chagua zile ambazo bado ngumu kidogo, zitaivia njiani.

Jumapili hii iliyopita plamsi zilikuwa zinaelekea ukingoni, zimebaki zile ndogo ndogo tamu sana, nimenunua sado la mwisho. Bibi ameniambia peasi zake bado wiki mbili, nisinunue kwa mtu mwingine. Nimempelekea chupa moja ya jamu iliyotokana na mti wake mwenyewe, ameifungua pale pale akaonja kwa kidole, akamwita mwenzie wa khanga ya pembeni naye aonje, alafu akaniambia hongea, yani asante kwa Kisambaa, ila mwakani nipunguze sukari zaidi.