Mchora ramani aliyeanza na alama ya tope: huduma niliyopata Lindi mjini

Nyumba yetu iko chini ya kilima cha Mtanda, na nyuma ya kiwanja kuna korongo. Kiangazi ni njia ya watoto na mbuzi. Mvua ikinyesha kule juu, maji yote ya kilimani yanashuka humo kwenda baharini.

Nilitaka kuongeza vyumba viwili vya kupangisha, huko huko nyuma, maana ndiko kwenye nafasi. Lakini nilikuwa na kidonda. Mwaka jana fundi mmoja alinijengea ukuta wa uzio upande huo. Nilipomuuliza kuhusu kibali alinijibu, "Mama, ukuta tu huo, usijisumbue." Akapandisha tofali za inchi 6, mita kumi na nne, bila tundu hata moja la kupitishia maji. Mvua ya usiku mmoja ikajaa nyuma yake kama bwawa, na asubuhi tukaukuta umelala kwenye mihogo ya jirani. Mihogo niliilipa mimi. Fundi hakupokea simu tena.

Safari hii mwenzangu wa vikoba akanielekeza kwa kijana mmoja mchora ramani, mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na soko. Tulipatana shilingi 350,000, ramani pamoja na kufuatilia kibali.

Alikuja amevaa mabuti, siku moja baada ya mvua kubwa, na hakufungua daftari. Alikwenda kwanza kwa jirani. "Shikamoo mzee, naomba kuutazama ukuta wako." Kwenye chokaa kuna mstari wa rangi ya udongo, umefifia lakini unaonekana. Mzee akaeleza ni wa mwezi wa 5 mwaka 2024, Kimbunga Hidaya, siku zile barabara ya Dar es Salaam ilipokatika kule Somanga.

Kijana akatoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akamshikisha mzee ncha moja kwenye ule mstari. Ncha ya pili akaja nayo hadi pale nilipotaka vyumba, akapigilia kigingi chini. Maji ndani ya mpira yakacheza juu chini, yakatulia. Akafunga kamba nyekundu pale yalipotulia. Nikasimama kando ya kile kigingi: kamba ilinifika juu ya goti. Miaka yote nimejua maji yanafika pale chini, ila sikuwahi kuyaona yamesimama kwenye mguu wangu namna ile, siku ya jua.

Baada ya hapo ndipo akanieleza sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Nikambishia kwamba langu ni korongo tu, miezi mingi ni kavu. Akasema huo ubishi nitaumaliza na afisa mipangomiji, yeye hachori chumba cha mtu kulala chini ya ile kamba. Nilikasirika, nakiri. Vyumba vikahamia mbele, na bustani yangu ya mchicha ikaondoka.

Ramani yenyewe imefikiriwa vizuri. Jamvi, yaani sakafu ya zege ya vyumba vipya, liko juu zaidi ya alama ya tope, msingi ni wa mawe. Soketi zimepanda juu ya kiuno. Shimo la choo kalitoa upande wa korongo kalileta upande wa juu, maana shimo likijaa maji ya mafuriko, uchafu wake unaingia uani na visimani. Uzio mpya una matundu kwenye safu ya chini ya tofali, umbali wa hatua mbili mbili. Akanisisitiza kwamba kuongeza vyumba kwenye nyumba ya zamani nako kunahitaji kibali cha halmashauri, na kwamba nisifukie msingi kabla haujakaguliwa. Maombi ya kibali aliyaingiza kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, nimekaa pembeni yake, na malipo ya halmashauri nililipa mwenyewe kwa kontroli namba. Hakuna hela iliyopita mkononi mwake kwa jina la ofisi, na hilo kwangu ni kubwa.

Mabaya yapo. Aliahidi ramani kwa wiki mbili, nikaipata baada ya tano, na simu akawa anapokea anapotaka. Kuhusu kifusi hakuniambia mapema. Kupandisha jamvi kulikula tripu nne za lori ambazo sikuziweka kwenye bajeti, nikasimamisha kazi mwezi mzima nikisubiri zamu yangu ya vikoba. Hesabu hiyo angeiweka mezani siku ile ile ya mpira wa maji. Kwa hiyo nyota nne kati ya tano.

Vyumba havijapata plasta bado. Mvua za mwezi wa 3 zilipokuja, nilitoka na tochi usiku kuutazama uzio. Maji yalikuwa yanatoka kwenye matundu yote, yamebeba majani ya mwembe, na ukuta umesimama. Mzee jirani naye alikuwa nje na tochi yake. Asubuhi akaniomba namba ya yule kijana.