Utendi wa Mwana Kupona: usiusome bila kalamu

Hapa Lamu utendi huu, shairi refu la mama kwa bintiye, hutajwa zaidi harusi ikikaribia. Mwari hupewa kama mafunzo ya ndoa: asome, ashike adabu, basi. Kwa kazi hiyo tunaupa alama za wastani tu. Kwa msichana au mwanamke anayetaka kujijua yeye ni nani, tunaupa alama za juu, ila una masharti yake ya kusomwa, na wengi huyaruka.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mtawala aliyepigana na Sultani wa Zanzibar. Aliutunga mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858, akiwa mjane na mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Ni beti 102, kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) 8. Jumla ni mizani 3,264. Ukiusoma kwa sauti, polepole, bila kukatizwa, hesabu kama nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo sharti la kwanza: usomwe wote kwa kikao kimoja, kabla hujaanza kuchambua lolote.

Sababu ni kwamba sifa ya utendi huu imejengwa na dondoo. Kipande kinachozunguka kuliko vyote ni kile cha mume: “akinena simjibu, itahidi kunyamaa”, yaani akisema usimjibu, jitahidi kunyamaza. Walipouchapa Alice Werner na William Hichens mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina lenye maana ya mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke, na jina hilo likaganda. Lakini ukisoma mwanzo hadi mwisho unakuta mambo ya mume ni fungu moja tu. Kuna dini, kuna jinsi ya kuishi na watu, kuna mama akisimulia ndoa yake mwenyewe ilivyokuwa, halafu sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Karibu na kumaliza anawageukia wanawake wote na kuwataka wasome, wafahamu maana. Kwa hiyo mtu akikusomea ubeti ule wa kunyamaza peke yake, kama hukumu, mwombe kwa adabu akusomee na uliotangulia na unaofuata.

Mfano wa karibu ni huu:

Mtunde kama kijana
asiyoyua kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia

Kwa Kiswahili cha shuleni: mtunze kama mtoto asiyejua kusema, na mali iangalie sana, inayotoka na inayoingia. Hebu tazama ubeti huu umekaa wapi. Uko mle mle kwenye mafundisho ya utiifu, na ndani yake mume amekuwa mtoto mchanga na hesabu za nyumba ziko mkononi mwa mke. Hatusemi mama huyu alikuwa mpinzani wa ndoa, hakuwa. Tunasema alijua nguvu yake iko wapi, na aliitaja kwa sauti ya chini. Msomaji anayekimbia haisikii.

Lugha ndiyo inayowaangusha wengi, hasa waliosomea Kiswahili sanifu. Ubeti wa tatu unaanza “Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi”. Wapo wanaoona ndoo ya maji. Ni Kiamu, lahaja ya Lamu: njoo mbele, ukae, na wino na karatasi. “Upulike” ni usikilize. “Ndia” ni njia, “mato” ni macho. Ukifika “Mama, pulika maneno”, usidhani msemaji amebadilika. Ni mama yule yule anamwita bintiye “mama”, kama tunavyowaita watoto wetu mpaka leo. Mizani nayo ina mtego wake. “Negema wangu binti” ukiihesabu harakaharaka inapungua moja, ikatimia 8 pale tu unapoivuta n ya binti isimame peke yake. Ukisoma kimya huyaoni haya yote. Kwa hiyo sharti la pili: sauti. Na ukiweza, mbele ya bibi mmoja wa mitaa ya Mkomani au Langoni aliyekulia Kiamu. Maneno ishirini utakayokwama, yeye atayafungua kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Sharti la tatu liko kwenye ubeti ule ule wa wino na unaofuata. Mama hamwambii binti “sikiliza” tu. Anamwambia alete karatasi, aanze kwa Bismillahi, aandike. Kalamu inashikwa na anayefundishwa. Basi ufuate agizo: daftari la kawaida, ukurasa wa kushoto nakili beti, wa kulia acha wazi. Beti 6 kwa siku, siku 17 umemaliza. Upande wa kulia usiandike tafsiri. Andika jibu: hapa nakubali, hapa sikubali, hapa mama yangu aliniambia kinyume. Kwa ubeti unaokuuma zaidi, jaribu kujibu kwa utendi, vipande vinne, mizani 8, vina vitatu vya kwanza vikilingana, nacho cha mwisho kiishie -a. Mizani hukubana mpaka uache maneno ya kuazima ubaki na lako. Makosa ya kawaida ni mawili: kunakili kwa kupiga picha kwa simu, ambako mkono haufanyi kazi na akili nayo inalala, na kuacha safari zinapoanza dua, mtu akidhani mafunzo yamekwisha. Kwenye dua ndipo mama anapoacha kufundisha na kuanza kuhofu. Ni huko anakofahamika zaidi.

Sasa dosari, na hii si ndogo. Kuna ubeti unaomkataza binti kuchanganyika na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Huyu alikuwa bibi wa nyumba kubwa katika jamii iliyomiliki watu, na utendi hauoni tatizo hapo. Msomaji mwenye asili ya wale waliokuwa jikoni atausikia tofauti na msomaji wa ukoo wa wenye nyumba, na ana haki. Usiuruke ubeti huo. Ukurasa wa kulia unautosha.

Ukimaliza, cha kufuatia kwa maoni yetu ni Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Msimulizi wake naye ni mjane Mwislamu mwenye kalamu: Ramatoulaye, akiwa edani, anamwandikia rafiki yake Aissatou habari za mume aliyemwolea mke wa pili, tena rafiki wa binti yao. Vikisomwa kwa kufuatana vinabishana vizuri. Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) ni nzuri pia, ila ni tamthilia. Inataka watu kadhaa wa kuisoma pamoja.

Kuhusu nakala: ukiipata Tendi ya J. W. T. Allen (1971), yenye tendi sita pamoja na tafsiri, chukua hiyo. Daftari la jirani lililonakiliwa kwa mkono nalo halidharauliki, ila lilinganishe na kitabu. Tendi hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p wala v na hazitenganishi e na i, wala o na u, hivyo kila mnakili aliamua kwa sikio lake. Ukikuta neno moja limeandikwa namna mbili, soma ubeti kwa sauti kwa namna zote mbili, kisha hesabu mizani.