MikroTik hEX kama seva ya VPN: sabneti za matawi ya Kisumu na Kakamega

Natumia ruta ya MikroTik hEX, ile RB750Gr3, hapa Nakuru kama seva ya WireGuard (aina ya VPN, njia salama ya kuunganisha mitandao kupitia intaneti) ya duka lenye matawi Kisumu na Kakamega. Kwa kazi hii naipendekeza kabisa. Kinachohitaji utulivu ni sabneti, yaani kundi la anwani za mtandao wa kila tawi.

Anza na anwani. Ruta hizi hutoka kiwandani na 192.168.88.0/24. Ukiziacha hivyo pande zote, VPN itashika lakini hakuna kitakachopita: kompyuta ya Kisumu ikiitafuta 192.168.88.50 ya Nakuru, inaitafuta palepale Kisumu. Nakuru ina 192.168.10.0/24, Kisumu 192.168.20.0/24, Kakamega 192.168.30.0/24, na VPN yenyewe 10.10.10.0/24.

Kwenye seva, anwani zinazoruhusiwa kupita kwa Kisumu (allowed-address) zinaandikwa hivi:

allowed-address=10.10.10.2/32,192.168.20.0/24

Ukiweka ile ya kwanza pekee, ruta zitaitikiana ping lakini printa ya Kisumu hutaifikia. Na hata ukiweka zote mbili, RouterOS, mfumo wa ruta hizi, haikuongezei njia. Iandike mwenyewe (wg1 ni jina la kiolesura cha WireGuard):

/ip route add dst-address=192.168.20.0/24 gateway=wg1

Waliozoea wg-quick, programu ya kuwasha WireGuard kwenye Linux, hunaswa hapa, maana kule njia hujiweka zenyewe. Usilipe kila tawi 0.0.0.0/0 (anwani zote) kwenye seva kwa kutaka mkato. Ruta haitajua pakiti ni ya tawi lipi.

Kisumu ikitaka kufika Kakamega kupitia Nakuru, ongeza 192.168.30.0/24 kwenye allowed-address iliyoko Kisumu, na njia yake. Kakamega nako uongeze 192.168.20.0/24. Hili husahaulika sana. Orodha hiyo hukagua pia pakiti zinazoingia, kwa hiyo Kakamega itaitupa pakiti ya Kisumu mlangoni bila kusema neno.

Fayawoli: ruhusu UDP 13231, mlango wa WireGuard, kwenye input (pakiti zinazoingia kwenye ruta yenyewe), juu ya kanuni ya drop, inayotupa pakiti. Kisha ingiza wg1 kwenye orodha ya LAN (mtandao wa ndani), la sivyo printa ya Nakuru itajibu lakini ruta yenyewe, 192.168.10.1, haitakubali uingie kwenye mipangilio yake. Kompyuta za Windows zisipojibu ping usiguse ruta kwanza. Fayawoli yao kwa kawaida hukataa ping za sabneti nyingine.

Seva lazima iwe na IP ya umma. Ukiona anwani ya WAN (upande wa intaneti) ya Nakuru iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnatumia IP moja ya umma. Omba IP maalumu kabla ya kuendelea. Matawi yanaweza kukaa kwenye modemu ya 4G, mradi uweke persistent-keepalive=25s huko, ili tawi litume pakiti ndogo kila sekunde 25 na muunganisho usifungwe.

Na umeme. hEX haina betri ya saa. Ruta ya tawi ikiwaka baada ya umeme kukatika na saa iliyorudi nyuma, seva hukataa handisheki (salamu za kuanzisha VPN), kwani muhuri wake wa muda ni wa zamani kuliko wa mwisho uliopokelewa. Washa NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, kwenye kila tawi, ipitie intaneti ya kawaida, isipitie VPN: ikipitia VPN, saa inaingoja VPN na VPN inaingoja saa.