TAHADHARI: “Uso wa Ulaya” unaouzwa Lubumbashi, washa taa ukutani kabla hujatoa pesa

Ndugu zetu wa Lubumbashi, hasa ninyi wenye Toyota Harrier za kizazi cha kwanza, za 1998 hadi 2003, mnaotaka kuzivisha sura ya Lexus RX300: kuna wauza pyesi (vipuri) wanaotoa uso wa gari la Japani, yaani sehemu yote ya mbele: taa, shoo, bampa, fenda na kapo, kwa jina la “uso wa Ulaya” au “uso wa Amerika”. Picha inafika kwa WhatsApp, taa zinang'aa, nembo ya Lexus iko mahali pake, na mteja anaambiwa atume avansi leo maana kuna mwingine anausubiri. Ukifika mikononi unakuta ni uso wa Harrier ileile uliyonayo, nembo ya ndege imeng'olewa na ile L imebandikwa kwa gundi. Geuza shoo, ule wavu wa mbele wenye nembo, utazame nyuma yake: gundi iliyofurika pembeni ya nembo au tundu zisizo na kazi zitakueleza yote.

Kama ingekuwa nembo peke yake tungesema ni hasara ya mfuko. Tatizo kubwa ni taa, na taa zinaua.

Kongo tunaendesha kulia. Zambia, Tanzania, Afrika Kusini, Uingereza na Japani wanaendesha kushoto. Mwanga wa chini wa taa ya mbele hausambai sawasawa pande zote mbili. Upande wa ukingo wa barabara unapanda ili dereva aone mtembea kwa miguu mapema, na upande wa gari linalokuja unabaki chini ili usimpofushe mwenzako. Taa iliyotengenezwa kwa kuendesha kushoto inapandisha mwanga kushoto. Ukiifunga hapa kwetu, sehemu ile ya juu inaingia moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori la shaba anayekuja mbele yako, na ukingo wako wa kulia, anakopita kijana na baiskeli yenye magunia ya makala, unabaki gizani. Pyesi nyingi zinaingia mjini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikitoka kwenye magari yaliyovunjwa Zambia au yaliyopitia bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo ukiambiwa “Ulaya”, anza kwa kutokuamini, kisha upime.

Kupima kunataka betri ya volti 12, vipande viwili vya waya na ukuta. Subiri jioni, au tafuta chumba chenye giza. Kama balbu ni H4 ina miguu mitatu: mmoja ni wa pamoja, mmoja wa mwanga wa chini, mmoja wa mwanga mrefu. Mwanga wa chini ni ule uzi uliokaa juu ya kikombe kidogo cha chuma ndani ya balbu; washa huo. Weka taa wima kama inavyokaa kwenye gari, mita 5 kutoka ukutani, kisha simama nyuma yake. Utaona mstari unaotenganisha mwanga na giza. Mstari ukienda bapa kutoka kushoto hadi katikati, halafu ukapanda kuelekea kulia, hiyo ni taa ya nchi wanaoendesha kulia, na inatufaa. Ukipanda kuelekea kushoto, mrudishie mwenyewe hata kama anashusha bei hadi nusu. Taa za Marekani mara nyingi zina mstari bapa zaidi na mpaka usio mkali, lakini nazo zimeundwa kwa kuendesha kulia.

Baada ya ukuta, soma maandishi ya kwenye kioo. Taa iliyopitishwa kwa kanuni za Ulaya ina herufi E na namba ndani ya duara. Ikiwa na mshale unaoelekea kulia kwako wewe uliyesimama mbele ya gari ukiitazama taa, ni ya kuendesha kushoto. Mshale wenye ncha mbili maana yake inaweza kurekebishwa kwa pande zote mbili. Ikiwa na E lakini haina mshale, ni ya kuendesha kulia. Hapa ndipo wanapowanasa watu: muuzaji anakuonyesha kioo kisicho na mshale na kukuambia “unaona, hii ni ya Ulaya”, wakati hata duara la E halipo. Taa nyingi za soko la Japani hazina duara wala mshale. Kukosekana kwa mshale bila E hakuthibitishi kitu. Wala namba ya E haitaji nchi ambako gari liliuzwa. E13 ni Luxembourg ndiyo iliyotoa kibali, basi. Za Marekani zimeandikwa DOT au SAE, na gari la huko lazima liwe na taa na viakisi vya rangi ya machungwa kwenye kona za mbele. Uso wa “Amerika” usio na rangi hiyo popote pembeni haukutoka huko.

Kuna taa za zenoni pia. Hizi zinataka balasti, kile kisanduku cha chuma kinachofungwa chini au nyuma ya taa. Ni desturi ya hawa wauzaji kuzing'oa balasti na kuziuza peke yake, kisha kukukabidhi taa tupu. Pindua kila taa uhesabu: taa mbili, balasti mbili, balbu mbili. Angalia na aina ya balbu. D2R ina rangi iliyopakwa kwenye mrija wa kioo, na inakwenda kwenye taa ya kioo cha kuakisi. D2S haina rangi hiyo, na ni ya taa yenye lenzi ya duara. Ukiweka D2S mahali pa D2R mwanga unatawanyika hadi juu ya miti. D4 haiendi kwenye balasti ya D2: ya kwanza inafanya kazi kwa takriban volti 42, ya pili 85. Na usiguse nyaya za zenoni ikiwa imewashwa. Inapowaka hutoa maelfu ya volti.

Masikio ya plastiki yanayoshika taa yavute kwa vidole, moja moja. Lililounganishwa kwa gundi au kuyeyushwa kwa chuma cha moto lina kovu, na litaachia kwenye mashimo ya wiki ya kwanza. Kioo kilichosuguliwa na kupakwa vanishi kina ukungu ukikitazama kwa ubavu dhidi ya jua. Mkanda wa gundi kati ya kioo na kasha ukiwa umefunguliwa, mvua za Novemba zitaingia ndani.

Nyaya: dai soketi zote pamoja na sentimita 20 hivi za waya. Walio na haraka ya kuvunja gari hukata kwa koleo, na mteja anabaki akiunganisha kwa kubahatisha rangi.

Rejeta inayokuja na uso huo tunawaomba msiifunge bila kuipima. Kwenye gari la otomatiki mabomba mawili madogo ya chini hupitisha mafuta ya giaboksi ndani ya rejeta. Kikipasuka kile kipoozeo cha ndani, maji yanaingia kwenye mafuta, yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na giaboksi inakufa. Ziba bomba moja, pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli kwenye lingine huku rejeta imejaa maji. Ukiona mapovu mdomoni pa rejeta, achana nayo. Rejeta ya gari la gia za mkono haina mabomba hayo kabisa. Kama yako ya zamani ni nzima, ibakize hiyohiyo.

Mnaofunga wenyewe nyumbani: toeni waya hasi wa betri na msubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na vihisi vya mifuko ya hewa. Vihisi vyenu vya mbele visibadilishwe na vile vya uso ulionunuliwa, maana uso mwingi wa mtumba umetoka kwenye gari lililogongwa. Bampa, taa, shoo, fenda na kapo vyote vinafungwa kwa bolti, nyingi za milimita 10 na 12. Chora alama kwenye bawaba za kapo (boneti) kabla ya kulegeza, na muwe wawili wakati wa kuinua. Chuma cha ndani ya bampa kije na bampa yake. Fundi akikuambia akate shasi na kuchomelea pua nzima, mwambie hapana. Sehemu ile imeundwa ikunjwe ajalini. Mwisho jaribu kufuli ya kapo na ndoano yake ya pili mara kumi. Kapo likiinuka kwa kasi kwenye barabara ya Likasi linakuziba macho yote.

Rangi nayo msidanganywe kwa “nyeupe ni nyeupe”. Soma namba ya rangi iliyo kwenye mstari wa C/TR wa kibati cha gari: nyeupe ya kawaida 040 na nyeupe ya lulu 070 zikikaa pamoja, jua la saa sita linazitenganisha.

Kuhusu pesa: anayedai avansi kwa simu kwa mzigo “ulio Kasumbalesa”, halafu siku mbili baadaye akaomba nyongeza ya duane (forodha), mara nyingi hana mzigo. Mpaka uko chini ya kilomita 100. Mtume ndugu akauone. Omba video ya leo, taa ikiwashwa ukutani na jina lako limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Resi iandikwe “taa za kuendesha kulia, balasti mbili, soketi zote”, isiandikwe “pyesi” tu.

Mliokwisha kununua za kushoto: msiziinamishe hadi gari lione mita chache tu mbele. Mita 5 kutoka ukutani mstari ukae sentimita 5 hadi 6 chini ya katikati ya taa. Kisha tafuteni ile pembe inayopanda kushoto, funikeni kipande chake juu ya kioo kwa utepe mweusi hadi ipotee ukutani, taa ikiwa inawaka. Utepe huo utashikilia hadi mpate taa sahihi, ila joto huulegeza, kwa hiyo utazameni kila jioni kabla ya kutoka.