Fleti za ushirika upande wa Ilazo, Dodoma: nyumba nzuri, mikutano mirefu

Wengi mnaniuliza kuhusu hizi fleti za chama chetu cha ushirika wa nyumba, basi naandika mara moja nimalize. Jibu fupi: ningenunua tena. Ila si kwa sababu ya bei, maana bei yenyewe si ya kutupa. Vyumba viwili, sebule, jiko na kibaraza, meta za mraba 64, ghorofa ya pili bila lifti, vimenigharimu milioni 61.

Kabla ya hapo nilihangaika sana na madalali. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba nzuri za Area C, Kisasa na Ilazo hazikai sokoni. Mimi ni muuguzi, zamu zangu hazina adabu. Dalali ananipigia alfajiri, nikitoka kazini naambiwa, "Pole dada, kuna mtu ameshalipia." Bunge la bajeti likianza Aprili ndiyo usiseme kabisa, hata chumba cha kupanga kinatafutwa kwa tochi.

Kwenye chama hakuna kukimbizana. Unalipa kiingilio, unanunua hisa, unaweka akiba kila mwezi. Akiba ikifika kiwango kilichowekwa, jina lako linaingia kwenye foleni ya awamu inayojengwa. Foleni imebandikwa ukutani ofisini na kila mtu anaisoma. Chama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, kwa hiyo hesabu zinakaguliwa na kusomwa kwenye mkutano mkuu. Na kura ni moja kwa kila mwanachama. Kuna bwana mmoja mkubwa wizarani ana hisa nyingi kuliko sisi wote, lakini anapiga kura moja sawa na mama anayeuza mboga soko la Majengo. Naona hilo linamkera, na mimi linanifurahisha.

Niwape mfano wa mkutano. Nondo zilipopanda bei, bodi ilikuja kuomba kila mwenye fleti aongeze milioni nne. Mzee mmoja mstaafu wa reli akasimama na daftari lake. Alikuwa amezunguka madukani mwenyewe, akaandika bei ya nondo za milimita 12 na za 16, duka kwa duka. Akaanza kusoma taratibu, hana haraka yoyote. Meneja akasema hizo ni bei za rejareja. Mzee akafungua ukurasa wa pili: bei za jumla. Watu walipiga makofi, mwenyekiti akagonga meza, chai ikapoa. Tulitoka giza limeingia, na nyongeza imeshuka hadi milioni mbili na nusu. Ukinunua kwa mtu binafsi, akisema bei imepanda unalipa au unaondoka. Pale niliona kila shilingi inakotokea, nikalipa bila kinyongo.

Lakini usipopenda mikutano, hapa utateseka. Kila jambo lina mkutano wake, hata rangi ya geti.

Sasa nyumba yenyewe. Vigae vimepangwa vizuri, mfumo wa umeme safi, kila fleti ina LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla). Kibaraza cha jiko kinatosha jiko la mkaa, aliyekichora anatujua. Madirisha ya alumini ndiyo yamenichosha: upepo wa Julai na Agosti ukivuma, vumbi linapenya kwenye reli za dirisha na kutua mpaka ndani ya sufuria. Ukuta kati yangu na jirani ni mwembamba, na mtu anayelala mchana baada ya zamu ya usiku anajua nasema nini. Najua timu ya mpira ya jirani yangu, najua na mkwe wake anavyomsumbua.

Maji ni ugomvi wa kudumu. Dira ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ni moja kwa jengo zima, na bili inagawanywa kwa kaya. Mimi na mwanangu tunalipa sawa na familia ya watu saba. Tenki kubwa linatusaidia siku za mgao, hilo nalipongeza, lakini dira ndogo kwa kila fleti zimeahidiwa na hazijafungwa. Nitasimama tena mkutano ujao.

Jambo zito zaidi ni hati. Hati ya kiwanja ni ya miaka 99, si ile ya 33 tuliyoizoea enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, kabla haijavunjwa mwaka 2017. Nimeiona kwa macho yangu. Ila iko kwa jina la chama. Ili kila mmoja awe na yake, jengo lisajiliwe kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na kazi hiyo bado inaendelea. Mpaka ikamilike nina mkataba na chama, sina kitu cha kupeleka benki kuwekea rehani. Anayeingia awamu ijayo aulize hilo kwanza, kabla ya kuuliza rangi ya vigae, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Ukitaka kuuza, chama ndicho kinachopewa nafasi ya kwanza kununua, na bei inapitia kwenye bodi. Kwangu sawa, maana nataka mahali pa kukaa. Kama wewe unanunua ili uuze mwakani kwa faida, katafute kiwanja Nala, pembezoni mwa mji.