Taa za pembeni za LED kwenye kempa ya volti 24: ipi ufunge, ipi uache dukani

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo tuko Nakuru, na gari hili mnaloliona ni Isuzu NQR, basi la abiria lililotolewa viti likawekwa kitanda, jiko na sinki. Kazi ni zile taa ndogo za pembeni: mbili nyeupe juu mbele, tatu za rangi ya chungwa kila ubavu, na mbili nyekundu juu nyuma. Jumla kumi. Zote zilikuwa na balbu ya wati 5, na zote zinatoka leo, LED ziingie.

Swali linaloulizwa sana ni hili: si nitoe balbu tu nichomeke ya LED kwenye taa ileile ya zamani? Usifanye hivyo. Angalia taa hii tuliyoibandua ubavuni. Raba yake imekauka, ndani kuna alama ya maji, na vibati vinavyoshika balbu vimeota kutu ya kijani. Balbu ya zamani ilikuwa inachemka kiasi cha kukausha unyevu huo kila usiku. LED haina joto la kutosha kufanya hivyo, kwa hiyo maji yakiingia yanakaa, na vibati vinaoza haraka kuliko mwanzo. Halafu kuna rangi. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa wekundu uliopauka, kwa sababu mwanga wake una nyekundu kidogo sana. Kama ni lazima ubadilishe balbu peke yake, nunua LED ya rangi ya kioo chenyewe: nyekundu kwa nyekundu, chungwa kwa chungwa.

Sasa taa nzima. Hapa mezani tuna aina mbili zinazopatikana kwenye maduka mengi ya spea. Hii ya kwanza kioo chake kimebanwa juu ya kitako kwa skrubu mbili, na katikati kuna raba nyembamba. Ya pili haifunguki kabisa: vifaa vya ndani vimemiminiwa gundi ngumu, na waya unatoka nyuma ukiwa mmoja na taa. Ya pili ndiyo ninayoitaka kwenye gari. Ubaya wake ni kwamba ikifa unaitupa nzima, lakini inachelewa kufa, na hilo ndilo la maana.

Ukiishika dukani, soma maandishi ya nyuma. Unatafuta volti 10 hadi 30. NQR ni gari la volti 24, na injini ikiwaka inachaji karibu volti 28. Taa iliyoandikwa 12 pekee itawaka vizuri sana kwa muda mfupi, kisha basi. Ukiwa na Hiace ya volti 12, hii ya 10 hadi 30 inakufaa vilevile.

Kisha tafuta IP, alama inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. Muuzaji atakuonyesha IP67 na kukwambia haiingii maji. Ni kweli, IP67 ina maana taa inavumilia kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini mashine ya kuoshea magari haizamishi, inapiga. Alama inayohusu maji ya moto yenye presha kubwa ni IP69K. Kama gari lako linaoshwa kwa mashine kila wiki, na hapa Nakuru na vumbi letu linaoshwa kweli, lipia IP69K.

Jaribio la mwisho kabla ya kulipa au kufunga: iwashe kwenye betri ya 24 kwa saa nzima, kisha gusa mgongo wake. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza kidole, ndani wameweka rezista tu za kuchoma volti zilizozidi, na haitadumu. Washa pia redio ya FM karibu yake. Taa nyingine zina kidhibiti kinachopiga kelele, na kumi zikiwaka pamoja stesheni inazama kwenye mvumo.

Tufunge. Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Bandua taa ya zamani, kata waya wake, uvue hadi uone shaba inayong'aa. Ukikuta shaba nyeusi, endelea kukata nyuma. Nyeusi haishiki, hata uisokote vipi.

Hapa pana jambo linalowasumbua watu wengi. Bodi ya kempa hii juu ni faibaglasi, na faibaglasi haipitishi umeme. Taa ya zamani ilikuwa inapata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, kupitia skrubu na kipande cha bati kilichokuwa chini yake. Taa mpya ina nyaya mbili, na ule wa athi lazima ufike kwenye chasi au kwenye hasi ya betri. Pitisha waya mmoja wa athi wa milimita mraba 1 kila upande, uunganishe taa zote za upande huo. Taa zikicheza-cheza injini ikiwa inatembea, tisa katika kumi ni athi, si taa. Wala usiamini rangi za nyaya za taa mpya, pima kwa mita ya umeme. Ukigeuza chanya na hasi nyingi hazitawaka tu, ila za bei ya chini zisizo na kinga zinaweza kuungua papo hapo.

Kiungo ndicho kinachoua kazi nzuri. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi, hapana. Jua la Nakuru linayeyusha gundi ya tepu, maji yanaingia, na baada ya mvua kadhaa unarudi palepale. Tumia konekta za kubana zenye bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, lile lenye gundi ndani. Ukilipasha, utaona gundi ikichungulia pande zote mbili. Lehemu peke yake siipendi kwenye gari, kwa sababu waya unakuwa mgumu pale lehemu inapoishia na mtikisiko unaukata hapohapo.

Kabla waya haujaingia tunduni, uache uning'inie upinde mdogo kuelekea chini, maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani ya ukuta. Weka raba kwenye tundu, bati lisikwangue waya. Silikoni iwe ile isiyonuka siki, maana yenye siki inakula shaba. Paka juu na pande mbili za kitako. Chini acha wazi, ili maji yakipenya yawe na mlango wa kutokea. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kaza kwa mkono. Drili inapasua kitako, na ufa huo hutauona hadi taa ipate ukungu wa maji ndani.

Hesabu ya umeme: balbu kumi za wati 5 zilikuwa zinakula karibu ampea 2 kwenye volti 24. Hizi za LED, kila moja ikiwa wati 0.8, zinakula ampea 0.33 zote kumi. Gari likikwama usiku kucha kando ya barabara pale Salgaa, au juu kule Timboroa kwenye ukungu, saa 12 za taa kuwaka zinachukua ampea-saa 4 badala ya 25. Asubuhi bado una betri ya kuwashia injini. Pembetatu za tahadhari bado unaziweka, taa hizi hazichukui nafasi yake.

Fyuzi nayo unaweza kuishusha hadi ampea 5, ila hakikisha laini hiyo hailishi taa za nyuma na ya namba. Ikiwa inazilisha, iache ilivyo.

Nunua 12, si 10. Rangi ya chungwa hutofautiana kidogo kati ya shehena na shehena, na ya akiba utakayonunua mwaka ujao inaweza isifanane na wenzake. Hizo mbili ziweke kwenye droo ya jikoni humohumo garini, pamoja na konekta nne.