Neema Crafts, Iringa: Mgahawa Ambao Oda Huandikwa

Mgahawa wa Neema Crafts, kituo cha mafunzo ya kazi kwa viziwi na watu wengine wenye ulemavu, uko ghorofani, juu ya duka la kazi za mikono, umbali mfupi kutoka mzunguko wa mnara wa saa mjini Iringa. Wahudumu wake ni viziwi. Watalii wanaopita kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wameusifu sana, ila sifa nyingi ni za huruma: mtu huanza kwa kuwapongeza walioajiriwa, kisha kahawa akaitaja mwishoni kama nyongeza. Ningependa kuanza na chakula, kwa kuwa mgahawa unaowafundisha watu kazi haujawatendea haki endapo wateja watarudi kwa kuwahurumia tu.

Menyu ni ya vitu vyepesi: kahawa na chai za humu nchini, supu, sandwichi, keki na biskuti. Iringa ina baridi, hasa Juni na Julai, na katika hali hiyo kikombe cha kahawa pamoja na kipande cha keki vinatosha kabisa kumweka mtu mezani kwa saa nzima. Keki ndizo ningempendekezea mgeni kwanza. Anayetaka ugali au wali maharage wa kushibia atahudumiwa vizuri zaidi, na kwa fedha kidogo zaidi, kwa mama lishe.

Kinachoutofautisha mgahawa huu ni namna ya kuagiza. Mteja huandika oda yake kwenye karatasi, mhudumu huisoma, na jambo lisiloeleweka humalizwa kwa kidole juu ya menyu au kwa ishara. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika mgahawa wenye shughuli nyingi anajua kwamba makosa mengi huzaliwa kati ya mdomo wa mteja na sikio la mpishi, pale oda inapopigiwa kelele dirishani huku sufuria zikigongana na redio ikiwa juu, na chai iliyoagizwa bila sukari ikafika mezani tamu. Oda iliyoandikwa na mteja mwenyewe haina nafasi ya mtu kusema kwamba alisikia vingine. Kukata vitunguu, kupima unga, kutambua kwa rangi kwamba keki imeiva na kubeba sinia lililojaa ni kazi za mikono na macho. Kinachowazuia viziwi wengi kupata kazi jikoni ni usaili unaofanywa kwa mdomo na msimamizi asiyejua kutoa maelekezo ila kwa kupaza sauti.

Kwa mgeni, shauri ni moja: andika kwa ufupi. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili baada ya Lugha ya Alama ya Tanzania, tena walijifunza darasani, wale waliobahatika kufika darasani. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na kwa miaka mingi nafasi za masomo zilikuwa chache mno. "Kahawa 1, maziwa pembeni, bila sukari" inaeleweka upesi kuliko sentensi ndefu ya adabu. Adabu yenyewe inaonekana usoni.

Kituo hiki kilianzishwa mwaka 2003 na Susie Hart, Mwingereza, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, ikiwemo ile ya kinyesi cha tembo. Baadaye vikaongezeka ufumaji, ushonaji, shanga, mgahawa na nyumba ya wageni. Kwa upande wa mafunzo, naona nguvu kubwa iko hapa: chuoni mwanafunzi wa upishi humpikia mwalimu anayetoa alama, lakini katika mgahawa humpikia mtu anayelipa na ambaye hatarudi akihudumiwa vibaya.

Wasiwasi wangu ni juu ya hatua inayofuata. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na hoteli nyingi za Dar es Salaam na Arusha zinavuka idadi hiyo bila shida. Hata hivyo, mpishi aliyezoea kufanya kazi na wenzake wanaotumia lugha ya alama, akipelekwa peke yake katika jiko ambalo hakuna hata mmoja anayeijua, anaanza upya. Hoteli hizo zingeweza kuiga mengi bila gharama kubwa: oda zote ziandikwe, maelekezo ya zamu yawekwe ubaoni, taa iwekwe pale penye kengele, na wafanyakazi wachache wafundishwe alama za jikoni. Ningependa pia pilau, chapati na maandazi vipewe uzito katika mafunzo ya aina hii, kwa kuwa mtu anaweza kuvigeuza biashara yake mahali popote penye jiko la mkaa na wapita njia, ilhali soko la sandwichi hufuata watalii, na mwaka 2020 ulionyesha jinsi watalii wanavyoweza kutoweka ghafla.

Karakana ya ufumaji iko nyuma ya duka, na mgeni anaweza kuomba kutembezwa bila malipo. Jumapili hufungwa.